10.20.30.0/24 ni daraja A au C? Na kwa nini ping inajibu lakini folda haifunguki?

chumba_cha_seva aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kusoma ramani ya mtandao wa shule moja ya sekondari. Fundi wa awali ameacha karatasi yenye mistari hii tu, bila maelezo:

10.20.30.0/25 – WiFi ya wageni, getiwei .1
10.20.30.128/26 – maabara ya kompyuta, getiwei .129
10.20.30.192/27 – ofisi, getiwei .193
10.20.30.224/28 – kamera 12 na NVR (kinasa picha za kamera), getiwei .225
10.20.30.240/30 – kiungo cha kwenda ruta ya jengo la pili

Kila mstari ni VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), na getiwei zote (milango ya kutokea nje ya kila mtandao) ziko kwenye faiwoli moja. Maswali yangu:

1. Kitabuni, okteti ya kwanza ikiwa 1 hadi 126 ni daraja A na maski yake ni 255.0.0.0. Hapa inaanza na 10, lakini karatasi imejaa /25, /26, /27. Sasa hili ni daraja gani?

2. Nikipewa anwani moja, mfano 172.16.5.130/26, najuaje mtandao wake unaanzia wapi na unaishia wapi bila kukimbilia kikokotoo?

3. Kompyuta ya maabara .140 ikipiga ping kwa .170, ambayo iko humohumo maabara, inajibiwa bila tatizo. Lakini folda ya pamoja iliyoko .170 haifunguki kutoka .140: inazunguka, kisha inakata. Kompyuta nyingine zote za maabara zinaifungua. Maski ya .140 ni 255.255.255.224, ya .170 ni 255.255.255.192.

4. Kamera 4 zinaongezwa. Nibadilishe /28 iwe /27 yaishe, au kuna la zaidi?

---

OktetiNne alijibu:

Mkuu, nachukua swali la kwanza na la pili, hayo mengine nawaachia wadau.

Anwani ya IPv4 ni biti 32. Tunaiandika kwa okteti nne za biti nane nane, kila moja 0 hadi 255, ili binadamu aweze kuisoma. Ruta haina habari na hizo nukta. Inaona biti 32 mfululizo na inataka kujua jambo moja: biti ngapi za mwanzo ni za mtandao, na ngapi zimebaki kwa ajili ya kifaa?

RFC 791 ya Septemba 1981 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ilipata jibu ndani ya anwani yenyewe. Anwani ikianza na biti 0, sehemu ya mtandao ni biti 8. Hiyo ni daraja A, okteti ya kwanza 0 hadi 127, na kwa kuwa 0 na 127 zina kazi zao maalumu, vitabu huandika 1 hadi 126. Ikianza na 10, mtandao ni biti 16: daraja B, 128 hadi 191. Ikianza na 110, mtandao ni biti 24: daraja C, 192 hadi 223. Baadaye zile zinazoanza na 1110 zikawa daraja D, 224 hadi 239, kwa ajili ya maltikasti (kutuma kwa kundi la vifaa kwa pamoja), na zinazoanza na 1111 zikawekwa akiba kama daraja E, 240 kwenda juu. Ruta haikuhitaji kuambiwa maski; iliangalia biti za mwanzo ikajua pa kukata.

Kilichouangusha utaratibu huu ni ukubwa wa vipande. Daraja C lina nafasi ya vifaa 254, daraja B lina 65,534, na katikati hapana kitu. Chuo chenye kompyuta 2,000 kilikuwa na njia mbili: kichukue C nane, kila moja ikae na mstari wake kwenye majedwali ya njia ya ruta za dunia nzima, au kichukue B moja na kuacha anwani zaidi ya 63,000 bila kazi. Mwaka 1985 RFC 950 iliruhusu taasisi kukata mtandao wake kwa ndani, na mwaka 1993 CIDR, kwa RFC 1519, ikayaondoa madaraja kwenye njia za intaneti. Urefu wa sehemu ya mtandao ukaanza kuandikwa waziwazi baada ya mkwaju. Okteti ya kwanza haiamui tena.

Kwa hiyo 10.20.30.0/24 ni mtandao wenye biti 24 za mwanzo zilizofungwa, na vifaa 254. Ukiulizwa daraja lake katika mtihani, andika A, maana daraja husomwa kwenye okteti ya kwanza peke yake. Anayesema ni C "kwa sababu ni /24" amechanganya mambo mawili. Ukiwa kazini soma mkwaju.

Hata hivyo usiyatupe madaraja kabisa, bado yanajitokeza sehemu chache. Daraja D ni hai: OSPF, lugha ambayo ruta hupeana njia, inaongea kupitia 224.0.0.5 na 224.0.0.6, na kifaa cha kawaida hakipewi anwani ya humo. RIP toleo la 1, lugha ya zamani ya kazi hiyohiyo, haibebi maski kwenye matangazo yake, ndiyo maana haiwezi kabisa kuendesha karatasi kama hiyo yako yenye maski tano tofauti. Na ukijaza IP ya kudumu kwenye dirisha la zamani la IPv4 la Windows, ukiandika 10.20.30.140 kisha ukabonyeza Tab, litakujazia 255.0.0.0 lenyewe. Linafuata daraja. Lazima uifute uandike yako.

Pia kuna mtego kwenye anwani za ndani. RFC 1918 ya mwaka 1996 ilitenga 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Ile ya katikati inaanzia 172.16 na kuishia 172.31. Ukipanga mtandao wako kwenye 172.32 au 172.40 umetumia anwani za umma zenye wenyewe, na siku kompyuta zako zikitaka kufika kwa wenyewe hao, hazitafika.

Sasa swali la pili. Maski ni ule mkwaju ulioandikwa kwa okteti. /26 maana yake moja 26 kisha sifuri 6: 8 + 8 + 8 + 2. Okteti tatu zimejaa, ya nne ina moja mbili, yaani 192. Okteti iliyokatwa inaweza kuwa na thamani hizi tu, kuanzia biti moja hadi nane:

128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255

Zikariri, hakuna nyingine. Ukiona mtu ameandika maski 255.255.255.200, ni kosa, kwa sababu 200 kwa binari ni 11001000, moja zimerukwa katikati.

Hatua ya pili: toa thamani hiyo kwenye 256. 256 − 192 = 64. Hiyo ndiyo ruka yako. Mitandao inaanzia 0, 64, 128, 192. Namba 130 imeangukia kati ya 128 na 192, basi:

mtandao: 172.16.5.128
kifaa cha kwanza: 172.16.5.129
kifaa cha mwisho: 172.16.5.190
brodikasti (anwani ya kutumia wote kwa pamoja): 172.16.5.191

Jumla anwani 64, za kutumia 62. Mashine inafanya hivyo kwa kulinganisha biti kwa biti, na pale tu ambapo juu na chini pote pana moja ndipo inaandika moja:

130 = 10000010
192 = 11000000
jibu = 10000000 = 128

Wengi wanakwama mkwaju ukiwa chini ya 24, wakati hesabu ni ileile, imehamia okteti ya tatu. Chukua 10.20.77.9/20. 8 + 8 + 4, maski 255.255.240.0, ruka ni 256 − 240 = 16, lakini ni ruka ya okteti ya tatu: 0, 16, 32, 48, 64, 80. Namba 77 iko kati ya 64 na 80. Mtandao ni 10.20.64.0, brodikasti ni 10.20.79.255, vifaa 4,094. Humo ndani 10.20.64.255 na 10.20.65.0 ni anwani halali za vifaa kama nyingine zozote, ingawa macho yamezoea kuzikataa.

Ukirudi kwenye karatasi yako utaona fundi alianza na kipande kikubwa akashuka: 128, 64, 32, 16, 4. Jumla 244 kati ya 256, zimebaki .244 hadi .255. Kuanza na kikubwa kuna sababu yake: kipande lazima kianzie kwenye namba inayogawanyika kwa ukubwa wake. Kipande cha 64 kinaanzia 0, 64, 128 au 192. Hakiwezi kuanzia 100. Ukianza na vidogo unaacha mapengo ambayo vikubwa haviingii.

---

waya_wa_shaba alijibu:

Swali la tatu ni maski ya .140. Kosa liko wazi kwenye namba ulizoandika, ila nitaeleza kwa nini ping inapita, maana hapo ndipo watu hupoteza siku nzima wakibadilisha waya na swichi.

.140 kwa maski 255.255.255.224: ruka ni 32, kwa hiyo inaamini mtandao wake ni .128 hadi .159. Inapotaka kufika .170 inaona hiyo iko nje, inamkabidhi getiwei .129 paketi. .170 kwa maski 255.255.255.192 inaamini mtandao ni .128 hadi .191, kwa hiyo .140 ni jirani, inamjibu moja kwa moja kupitia swichi. Kwenda ni kupitia faiwoli, kurudi ni kwa njia ya mkato.

Ping: ombi linapita faiwoli, faiwoli inalirudisha kwenye VLAN ileile, .170 inajibu moja kwa moja. .140 imepata jibu lake, haijali limepitia wapi. Ping inafanikiwa.

Folda ya pamoja inatumia TCP poti 445, na TCP huanza kwa salamu tatu: SYN, SYN-ACK, kisha ACK. SYN ya .140 inapita kwenye faiwoli, faiwoli inaandika kwenye daftari lake: "nasubiri SYN-ACK kutoka .170". SYN-ACK inatoka .170 kwenda .140 moja kwa moja, faiwoli haiioni. Kisha .140 inatuma ACK kupitia faiwoli. Kwa faiwoli hiyo ACK haina msingi, hakuna SYN-ACK iliyopita, inahesabiwa ni batili na inatupwa. Mazungumzo yanaishia hapo, na wewe unaona dirisha linazunguka. Faiwoli za Linux na MikroTik zenye kanuni ya kutupa paketi batili zitafanya hivi. Ingekuwa ruta tupu isiyotunza daftari, folda ingefunguka, na kosa la maski lingebaki limejificha humo.

Kuthibitisha kabla hujagusa kitu, kwenye .140 andika:

tracert 10.20.30.170

Majirani wa mtandao mmoja lazima wawe mstari mmoja. Ukiona mistari miwili, wa kwanza 10.20.30.129 na wa pili .170, umepata ushahidi. Kwenye Linux ni rahisi zaidi:

ip route get 10.20.30.170

Jibu likiwa na neno "via 10.20.30.129", kompyuta inapitia getiwei. Kama haina "via", inaongea moja kwa moja.

Dawa: maski ya .140 iwe 255.255.255.192. Kama unatumia mipangilio mipya ya Windows 10, pale hawataki maski ya okteti nne, wanataka urefu wa kiambishi; andika 26. Bora zaidi iache ichukue IP kwa DHCP (huduma inayogawa IP yenyewe), na kama lazima ibaki na namba ileile, ifungie namba hiyo kwenye seva ya DHCP kwa MAC yake (namba ya kadi ya mtandao). Maski inayoandikwa kwa mkono kwenye kila kompyuta siku moja itakosewa, na nahisi hiyo ya kwako ilinakiliwa kutoka kwenye kompyuta ya ofisi, maana 255.255.255.224 ndiyo /27 ya ofisi.

---

chumba_cha_seva:

Nimebadilisha ikawa 255.255.255.192, folda imefunguka papo hapo. tracert ilionyesha mistari miwili kabla, sasa ni mmoja. Asante sana wakuu.

Nimeelewa maski nyembamba kupita kiasi inafanya nini. Je, ikiwa pana kupita kiasi, kama hiyo 255.0.0.0 inayojazwa na Windows? Maana hapo kila kitu cha 10 kitaonekana ni jirani.

---

waya_wa_shaba alijibu:

Ndivyo, na dalili yake ni kinyume cha hiyo uliyoiona. Ndani ya maabara kila kitu kitafanya kazi. Intaneti pia itafanya kazi, kwa kuwa anwani za nje hazianzi na 10. Ila jaribu kutuma kazi kwenye printa ya ofisi, tuseme .200. Kompyuta inaamini .200 ni jirani, haimpi getiwei, inapaza sauti kwa ARP (njia ya kuulizia MAC ya IP fulani) ndani ya VLAN ya maabara: "nani mwenye 10.20.30.200?" Printa iko VLAN nyingine, haisikii. Baada ya sekunde chache unapata:

Reply from 10.20.30.140: Destination host unreachable.

Angalia anwani iliyojibu. Ni .140, kompyuta yako mwenyewe inajijibu kwamba imekosa. Jibu la "unreachable" likitoka kwenye IP yako mwenyewe, tatizo ni ARP: ama kifaa kimezimwa, ama maski ni pana. Likitoka kwenye IP ya getiwei, tatizo liko mbele ya getiwei. Likiwa "Request timed out", paketi ilitoka na haikurudi, na mara nyingi hapo ni faiwoli ya upande wa pili. Mistari hii mitatu hutofautisha makosa matatu, lakini watu huisoma yote kama "haipingi".

Kuna hali moja inayoficha kosa hili. Ruta za Cisco kwa kawaida zina ARP ya uwakala iliyowashwa: ruta ikisikia mtu anaulizia .200 na yenyewe inaijua njia, inajibu kwa MAC yake yenyewe. Kompyuta yenye maski mbovu inafanya kazi miaka, mpaka siku ruta inabadilishwa na printa inakosekana kwa kompyuta tatu tu kati ya hamsini. Ukihamisha mtandao kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, kagua maski za IP zote za kudumu kwanza.

---

Kiungo30 alijibu:

Nichukue kamera.

/28 ni anwani 16, toa ya mtandao na brodikasti, zimebaki 14: .225 hadi .238. Getiwei 1, NVR 1, kamera 12. Zimetimia 14 kamili. Aliyepanga alihesabu kamera akasahau kwamba kamera huongezeka kila mara. Ushauri wangu kwa yeyote anayepanga: hesabu vifaa, ongeza getiwei, kisha chukua kipande kitakachobaki angalau na theluthi tupu. Kwenye 10.0.0.0/8 anwani ni zaidi ya milioni 16. Hakuna sababu ya shule kubanana kwenye /24 moja.

Sasa kupanua. .224/27 ni .224 hadi .255. Habari njema ni kwamba 224 inagawanyika kwa 32, kwa hiyo mwanzo haubadiliki na getiwei inabaki .225. (Kamera zingekuwa kwenye .240/28, ukiandika /27 mtandao ungeanzia .224, kwa nyuma, ukaingia kwa jirani.) Habari mbaya ni kwamba ndani ya .224 hadi .255 kuna kiungo chako, .240/30. Ukibadilisha maski bila kukiondoa, vifaa vingine vitakataa hapohapo na kukuambia mitandao inaingiliana. Vingine, kama MikroTik, vitakubali kimya. Hapo inatumika kanuni ya njia yenye kiambishi kirefu zaidi: paketi ya .241 inalingana na /27 ya kamera na pia /30 ya kiungo, /30 ni ndefu zaidi, inashinda. Kamera uliyoipa .241 itaonekana imewaka, waya ni mzima, taa ya swichi inamulika, na ofisini hawataiona kamwe.

Utaratibu:

Kwanza hamisha kiungo. Chukua 10.20.31.0/30, upande wa faiwoli .1, upande wa jengo la pili .2. Usifute anwani ya zamani kwanza. Ongeza mpya juu ya poti ileile pande zote mbili, piga ping, kisha hamisha njia zinazoelekeza 10.20.30.241 au .242 zielekeze mpya, na mwisho ndipo ufute ya zamani. Ukianza kufuta ukiwa umeingia kwenye ruta ya jengo la pili kwa kupitia kiungo hichohicho, utajifungia nje na itabidi utembee na laptopu mpaka huko.

Pili, badilisha maski ya getiwei .225 iwe 255.255.255.224, kisha NVR, kisha kamera moja moja.

Tatu, na hapa ndipo pa kuwa makini: mpaka kamera ya mwisho iwe imebadilishwa, usitoe .239 kwa kifaa chochote. Kwa /28 ya zamani .239 ni brodikasti. Kamera ambayo bado ina maski ya zamani ikitaka kuongea na .239 itatuma kwa wote badala ya mmoja. Anza kutoa .240 na kuendelea: kamera mpya .240, .241, .242, .243. Kwenye maski mpya hizo zote ni halali.

Nne, tafuta kila sehemu nyingine ilipoandikwa /28 hiyo. Ruta ya jengo la pili ikiwa na njia ya mkono ya 10.20.30.224/28, kamera mpya hazimo ndani yake. Kanuni za faiwoli vilevile. Kwenye Cisco orodha za ruhusa na OSPF hutumia maski iliyopinduliwa: unatoa maski kwenye 255.255.255.255. Ya /28 ni 0.0.0.15, ya /27 ni 0.0.0.31. Ukiiacha 0.0.0.15, kamera 12 za zamani zitaonekana na 4 mpya zitazuiwa, na utadhani kamera mpya ni mbovu.

Jambo dogo la pembeni kuhusu kiungo: /30 ni anwani 4, mbili zinatumika. RFC 3021 ya mwaka 2000 inaruhusu /31 kwa viungo vya pande mbili, anwani mbili na zote zinatumika, hakuna ya mtandao wala brodikasti. Ni nzuri ukiwa na viungo vingi, ila hakikisha vifaa vya pande zote mbili vinaikubali. Kwa kiungo kimoja, baki na /30.

Na WiFi ya wageni, /25 ina 126. Hizo si nyingi kama zinavyoonekana. Mgeni akiondoka na simu yake, IP yake inabaki imeshikiliwa mpaka muda wa kukodi wa DHCP uishe. Ukiuacha saa 24, siku ya mkutano wa wazazi asubuhi wanaingia 80, mchana 60 wengine, na saa nane simu zinakaa kwenye "inapata anwani ya IP" bila kupata. Weka saa moja au mbili. Simu au laptopu ikikosa jibu la DHCP inaweza kujipa 169.254 na namba nyingine mbele. Ukiiona hiyo, usihangaike na maski, kachunguze DHCP.

---

chumba_cha_seva:

Kiungo30 ubarikiwe, nitafuata hatua kwa hatua jioni shule ikifungwa.

La mwisho. Mkuu wa shule anataka kuona kamera akiwa nyumbani. Nimefungua poti kwenye faiwoli kwenda kwa NVR, kutoka nje haifiki. Upande wa intaneti wa faiwoli unaonyesha 100.72.15.8/22. Hiyo haimo kwenye 10, 172.16 wala 192.168, kwa hiyo ni IP ya umma, sivyo?

---

OktetiNne alijibu:

Sivyo mkuu, ingawa kwa madaraja ya kitabuni ungesema ni A ya kawaida. 100.64.0.0/10 ilitengwa na RFC 6598 ya Aprili 2012 kwa ajili ya NAT (kubadilisha IP za ndani kuwa ya umma) ya mtoa huduma. Fanya hesabu ileile: /10 ni 8 + 2, maski 255.192.0.0, ruka 64 kwenye okteti ya pili. Inaanzia 100.64.0.0 na kuishia 100.127.255.255. Hiyo 72 yako imo ndani. Anwani za 100.0 hadi 100.63 na 100.128 hadi 100.255 ni za umma, ndiyo maana kuangalia "inaanza na 100" peke yake hakutoshi.

Maana yake mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Ombi la mkuu wa shule linafika kwenye mtambo wa mtoa huduma, na pale hakuna kanuni inayosema poti hiyo ni ya shule yenu. Poti uliyofungua kwenye faiwoli yako haina wa kuigonga. Thibitisha: fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako ya nje, ulinganishe na hiyo 100.72.15.8. Kwa watoa huduma wa kwetu, mara nyingi utaona inayoanza na 41, 102, 105, 154, 196 au 197, ambazo ni katika anwani zinazosimamiwa na AFRINIC. Zikitofautiana, uko nyuma ya NAT yao.

Funga hiyo poti sasa hivi, hata kama haifikiki. Siku mtoa huduma akikubadilishia mpango ukapata IP ya umma, NVR yako itakuwa wazi kwa dunia nzima na nywila yake ya kiwandani.

Ukitaka kamera zionekane nje, pigia mtoa huduma uulizie IP ya umma ya kudumu na gharama yake kwa mwezi. Njia ya pili, ambayo ndiyo ningeichagua hata kama IP ya umma ipo, ni VPN (njia iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti): kodi seva ndogo yenye IP ya umma, weka WireGuard, programu ya VPN, faiwoli ya shule ipige kwenda nje kwenye seva hiyo, na simu ya mkuu wa shule nayo ipige hukohuko. Kwa kuwa shule ndiyo inayoanzisha mawasiliano, NAT ya mtoa huduma haizuii. Weka PersistentKeepalive = 25 upande wa shule, yaani sekunde 25, la sivyo NAT itasahau mawasiliano yakinyamaza na kamera zitapotea mpaka shule itume tena.

Chagua mtandao wa VPN usiogongana na wa nyumbani kwake. Ruta nyingi za nyumbani hutumia 192.168.0.0/24 au 192.168.1.0/24, kwa hiyo wewe weka kama 10.99.0.0/24. Kwenye simu yake, sehemu ya AllowedIPs andika 10.99.0.0/24 na 10.20.30.224/27, ili afike kwenye kamera tu na asiingie ofisini wala maabara. Usiandike 0.0.0.0/0 hapo, hiyo itasukuma intaneti yake yote ipitie kwenye seva. Kisha zuia hivyohivyo kwenye faiwoli ya shule, kwa kuwa mipangilio ya simu mwenye simu anaweza kuibadilisha.